Mita Ishirini za Mapaja

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa ghafla uliojulikana tangu wiki iliyopita hakuweza kufika, na ambaye kwa hiyo namwakilisha mimi. Ndugu Mratibu Mkuu wa Mpango, ambaye vilevile ni mimi, Maximilian Yotham, na ambaye angepaswa kumkaribisha Mgeni Rasmi kama wasingekuwa mtu mmoja. Waheshimiwa wajumbe wa meza kuu, mliokwisha kukaa na mnaoendelea kubishana mahali pa kukaa. Viongozi wa dini zote zilizopata barua, na zile ambazo barua zao ziko njiani. Wazee wetu wa Makanyagio. Wazee wetu mliotoka Katumba. Akina mama wa Mpanda, wa Kibaoni na wa Ikola, ambao miili yenu ndiyo iliyotukusanya hapa. Akina baba mliowasindikiza ili mpate la kusimulia. Ndugu mpiga picha, ambaye naomba usimame upande huu, ule mwingine una kivuli. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu anaona haijazingatiwa, anyooshe mkono izingatiwe upya.

(Makofi. Mikono minne ilinyooshwa. Itifaki ilizingatiwa upya kwa dakika kumi na mbili.)

Naomba nianze na salamu ya Mpango. Mimi nikisema "Mapaja!", nyie mnajibu "Yapungue!" Nikisema "Nyonga!", mnajibu "Zirudi!" Mapaja!

("Yapungue!")

Nyonga!

("Zirudi!" Sauti ya mama mmoja kutoka nyuma: "Kwani zilisafiri?" Vicheko.)

Ahsanteni sana. Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo wajukuu wenu wataisoma, endapo itaandikwa, kwa kuwa leo hii, katika uwanja huu wa Makanyagio, tunazindua rasmi Mpango Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kupunguza Mwili wa Sehemu ya Chini, kwa kifupi MJUSHEKUMWICHI, jina lililotungwa na kamati ndogo ya majina iliyokaa siku tatu chini ya uenyekiti wangu, ikapigiwa kura, ikarudiwa, na hatimaye likapita jina ambalo mimi mwenyewe nilihitaji wiki mbili na msaada wa mke wangu kulitamka bila kung'ata ulimi.

Mtaniuliza: kwa nini sehemu ya chini? Swali zuri, ingawa hamjaliuliza. Utafiti wa kina tulioufanya tukiwa ndani ya gari, kutoka Mpanda mpaka Kibaoni, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi, ulibaini kwamba mwanamke wa mkoa wetu, anapotazamwa kwa nyuma akiwa anatembea pembezoni mwa barabara, ana mwili wa chini ulio mkubwa kuliko ule unaopendekezwa katika chati tuliyokuwa nayo. Chati hiyo, nakiri, ilikuwa ya mavazi ya wanasesere wa madirisha ya maduka ya nguo. Lakini chati ni chati.

("Mheshimiwa, samahani." Aliyesimama ni Dafrosa, anayeuza dagaa wa Ikola katika soko la hapa. Alisimama kwa hatua tatu: kwanza mkono kwenye bega la jirani, kisha mkono kwenye goti, ndipo mwili ukafuata. "Mimi sina shida na wanasesere. Shida yangu ni magoti. Daktari kaniambia nipunguze mwili na mapaja yapate nguvu, bila hivyo mwakani sipandi tena mtumbwi wala lori. Sasa nisipopanda, dagaa hawaji sokoni kwa miguu yao. Tangazo lenu limesema leo kuna mwalimu na mazoezi, nikafunga meza yangu nikaja. Naomba zoezi moja tu, baba, nikalifanye nyumbani." Makofi, mengi kuliko ya itifaki.)

Mama, hilo ni swali zuri sana, na ndilo kiini hasa cha hotuba yangu, ambayo ina kurasa thelathini na moja. Sasa hivi tuko ukurasa wa pili. Nakuomba ukae kwa utulivu, zoezi lako linakuja.

("Kukaa ndiyo kazi, mheshimiwa. Acha nisimame tu," alisema Dafrosa.)

Simama, mama, ni haki yako. Ndugu wananchi, tujiulize: wazee wetu waliwezaje? Wazee wetu hawakuwa na mwili wa chini. Samahani, walikuwa nao, lakini kwa kiwango stahiki. Na siri yao ni nini? Ni mazoezi! Walikuwa na utamaduni wa mazoezi ya kutembea umbali mrefu, kwa hiari, kwa furaha, bila kulazimishwa na mtu, na ndiyo maana Mpango wetu una nguzo ya kwanza iitwayo Kurejea Hatua za Mababu.

(Mzee Celestin, mkazi wa Katumba, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake juu ya goti, alisema bila kusimama: "Hatukuwa tunafanya mazoezi, mwanangu. Tulikuwa tunakimbia. Mwaka wa sabini na mbili nilitembea kutoka kwetu Burundi nikiwa kijana, mama yangu mbele, godoro kichwani kwangu, na tulipofika huku mapaja yalikuwa yameisha kabisa. Hakuna aliyetupongeza." Kisha akaongeza: "Mama akasema, tukipata muhogo yatarudi. Yakarudi. Tukashangilia." Vicheko vya polepole, na mtu mmoja akamgusa mzee begani.)

Tunamshukuru mzee kwa ushuhuda huo, ambao unathibitisha kwa data kwamba kutembea kunapunguza mapaja, na mwandishi wangu atauingiza kwenye ripoti chini ya kichwa cha Mafanikio ya Awali. Tuendelee.

Ndugu wananchi, mtu anaweza kusema, Maximilian, wewe unayesimama hapa, mbona mwili wako hauendani na maneno yako? Napenda kulijibu hilo kwa uwazi na uwajibikaji. Mimi mwili wangu wa juu ni wa kiofisi. Umekua kwa vikao, na vikao ni vyenu. Kuhusu mwili wangu wa chini, nasema hivi: tangu niteuliwe sijayaona mapaja yangu, kwa sababu ya kilichoko katikati, na kitaalamu kitu kisichoonekana kwa miaka sita kinahesabiwa kuwa kimepungua.

(Vicheko na vigelegele. Mjumbe mmoja wa meza kuu alishusha macho akajitazama.)

Sasa nije kwenye takwimu, maana hotuba bila takwimu ni hadithi. Sisi hatukukurupuka. Tulifanya bezilaini. Kwa wale ambao hamjasoma, bezilaini ni kupima watu kabla hujawafanyia kitu, ili baadaye ukiwapima tena ujue hicho ambacho hujawafanyia kimewasaidia kwa kiasi gani. Mwezi wa nane mwaka jana, pale Kibaoni, tuliwapima akina mama mia mbili na kumi na wawili, duara la nyonga na paja, kwa mkono wa mtaalamu wetu, fundi Denis, ambaye namwomba asimame mumwone.

(Fundi Denis, fundi cherehani, alisimama na utepe wake wa kupimia shingoni, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri hukumu.)

Mwezi wa pili mwaka huu tukarudi, tukawapima wale wale. Mabibi na mabwana, naomba mshike viti vyenu. Kila mama, kwa wastani, alikuwa amepungua sentimita tisa nukta nne! Zidisha kwa mia mbili na kumi na wawili. Ni mita kumi na tisa na sentimita tisini na tatu, yaani, tukizungusha kwa uzalendo, mita ishirini! Mita ishirini za mapaja zimeondoka katika mkoa huu chini ya uongozi wangu. Zilaze barabarani, zinalishinda urefu basi la Sumbawanga. Nani amewahi kufanya hivyo? Mapaja!

("Yapungue!" Lakini palikuwa na mtu aliyekuwa akicheka peke yake bila kuweza kujizuia. Alikuwa Nyanzala, mama wa Kisukuma anayelima Kibaoni, mmoja wa wale mia mbili na kumi na wawili. "Mheshimiwa," alisema akijifuta machozi, "mwezi wa nane mlitupima Jumapili, tumetoka misa. Mama wa watu akitoka misa amevaa gauni, juu yake kitenge, juu ya kitenge kitenge kingine cha heshima. Na fundi mwenyewe ni mwanaume. Nani angefungua kitenge mbele ya padri, eti apimwe paja? Tulipimwa na nguo zote. Mwezi wa pili mmetukuta jarubani tunapandikiza mpunga, kila mtu na kipande kimoja kimelowana. Mita zako ishirini zipo nyumbani, mwanawane. Zimekunjwa kwenye masanduku.")

(Vicheko vilivyochukua muda. Kuku wa jirani walikimbia.)

Tulieni. Tulieni, ndugu wananchi. Mama ametoa fidibeki, na Mpango unapokea fidibeki kwa mikono miwili. Hata hivyo vitenge viwili haviwezi kufika sentimita tisa. Fundi Denis ni mtaalamu. Fundi, waambie.

("Kwa kweli, mheshimiwa," alisema fundi Denis, "vitenge ni kama sentimita nne tu."

"Mmesikia!"

"Zile nyingine ni zangu. Mimi fundi nikipima nyonga naongeza nafasi ya kukalia. Mama akikaa, sketi isichanike. Mkono umezoea. Mwezi wa nane niliandika sketi, sikuandika watu. Mara ya pili nikaambiwa hakuna kitakachoshonwa, basi sikuongeza."

"Kumbe tulikuwa tunangojea sketi!" alipiga kelele mama mmoja. "Mimi hadi leo nasema sketi yangu imechelewa wapi!")

Ndugu wananchi, hizo ni changamoto ndogo za kimetholojia. Kinachobaki, hata tukiondoa vitenge na nafasi ya kukalia, ni kwamba akina mama walipungua.

("Walipungua," alikubali Nyanzala. "Miezi miwili umeinama jarubani toka jua linatoka, na ghalani kumebaki mahindi ya mbegu, utanenepa kwa kitu gani? Kila mwaka tunapungua mwezi wa pili. Tukivuna tunajaa. Sasa hivi tumevuna. Tupimeni leo!" Akina mama kumi hivi wakaanza kusogea kwa fundi Denis. "Tupimeni leo! Tupimeni leo!")

Haitawezekana. Kitaalamu data ikishafungwa haifunguliwi. Fundi, vua hiyo futi shingoni uiweke mfukoni. Ahsante.

Sasa tuje kwenye tukio kubwa la siku. Mnaona kitambaa hiki cha bluu. Chini ya kitambaa hiki kuna kitu ambacho hakijawahi kuonekana katika mkoa wetu. Wengine mmesema ni mashine ya kukimbilia. Wengine mmesema ni baiskeli isiyokwenda. Nahesabu: moja, mbili, tatu!

(Kitambaa kilivutwa. Juu ya benchi palikuwa na bamba la marumaru lenye maandishi ya dhahabu: JIWE LA MSINGI LA KITUO CHA MAZOEZI, LIMEWEKWA NA, kisha nafasi tupu, kisha KATA YA, kisha nafasi tupu. Makofi ya meza kuu. "Jiwe la msingi si huwa linajengewa chini?" aliuliza Mzee Celestin.)

Mzee, hilo ndilo jambo la ubunifu. Jiwe la msingi likishajengewa haliwezi kuhudumia kata nyingine. Hili ni jiwe la msingi la kuhamishika. Kesho litakuwa kata nyingine, keshokutwa Ikola, na nafasi hizi tupu zinaandikwa kwa chaki. Kwa njia hii, kwa jiwe moja, tutakuwa tumeweka misingi kumi na mitano kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzetu wa mikoa mingine wameshaanza kutuuliza tumewezaje.

Naja kwenye mazoea mema. Ili mwili wa chini upungue, mwananchi azingatie yafuatayo. Kwanza, afunge mapaja kwa nailoni, ile ngumu ya kufunikia matofali, akae juani kuanzia saa sita mpaka saa nane, mafuta yatayeyuka na kutoka yenyewe. Pili, ajipake tangawizi.

("Mheshimiwa, hapana." Aliyezungumza ni Pudensiana, muuguzi mstaafu, ambaye nusu ya watu waliokuwa uwanjani walizaliwa mikononi mwake, na kwa hiyo hakuhitaji kipaza sauti. "Hilo litakalotoka ni jasho, siyo mafuta. Ukinywa maji, uzito umerudi. Na mtu wa presha ukimfunga nailoni saa sita mchana, huyo hutampima tena, utamzika. Msifanye hivyo. Nyie mmesikia? Msifanye.")

("Tumesikia, mama!" umati ulijibu, kwa pamoja kuliko ulivyojibu salamu ya Mpango.)

Tunamshukuru muuguzi kwa mchango wake wa kitaalamu, ambao utajadiliwa katika kikao cha mastekiholda. Nikiendelea na mazoea mema: mwananchi apunguze wali, apunguze soda, apunguze nyama yenye mafuta. Na hapa nimeletewa kikaratasi kinachouliza, mbona kule nyuma kunanukia pilau? Naomba niliweke sawa, maana upotoshaji umekuwa mwingi. Pilau lile ni la meza kuu. Kila utafiti makini unahitaji kundi linganishi, yaani watu ambao hawafuati Mpango, ili tofauti ionekane. Sisi wa meza kuu tumejitolea. Siyo kazi nyepesi. Kuna siku tunalinganisha mara tatu, mpaka mtu anashindwa kupumua, lakini tunasema, ni kwa ajili ya taifa.

(Mjumbe mmoja wa meza kuu: "Kweli kabisa." Vicheko.)

("Mheshimiwa." Dafrosa alikuwa bado amesimama, sasa alikuwa amehamishia uzito kwenye mguu wa kushoto. "Tumefika ukurasa wa ngapi?")

Wa kumi na tisa, mama.

("Goti hili haliwezi kusubiri kumi na mbili zaidi. Mimi siombi kupendeza. Na wala sitaki mapaja ya mtu mwingine. Wiki ijayo dagaa wanaanza kutoka vizuri Ikola, mtumbwi hausogei mpaka ufukweni kwa ajili yangu, inabidi niinue mguu niingie. Mwezi uliopita vijana wawili wamenibeba kama gunia, na mmoja akacheka. Niambie zoezi, nikae kimya mpaka jioni.")

Mama, naheshimu sana shauku yako. Acha basi turuke moja kwa moja mpaka ukurasa wa mazoezi, ambao ni, naam, ishirini na tano. Ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na sita. Ndugu mwandishi, ishirini na tano iko wapi? Ninaarifiwa kwamba ukurasa wa ishirini na tano wino uliishia hapo, na yule wa chapa akasema tuendelee na kurasa muhimu. Lakini ukurasa wa ishirini na sita unasema, nanukuu, "mazoezi haya yakifanyika kama ilivyoelezwa hapo juu, matokeo yataonekana." Mwisho wa kunukuu. Kwa hiyo, mama, jibu lako ni hilo: yafanye kama yalivyoelezwa hapo juu.

(Dafrosa alikitazama kiganja chake, kana kwamba huenda zoezi limeandikwa hapo. Kisha muuguzi Pudensiana akainuka, akafika meza kuu, akashika mgongo wa kiti cha mjumbe wa mwisho. "Simama, mwanangu, nakihitaji." Mjumbe alisimama, naye alizaliwa mikononi mwake. Muuguzi akakibeba kile kiti mpaka alipokuwa Dafrosa, akakikandamiza ardhini kuona kama kinatikisika.)

Muuguzi, kile kiti kimekodishwa kwa ajili ya shughuli. Haya, endelea, ili mradi kisichafuke. Ndugu wananchi, nigeukie ahadi. Ifikapo mwaka wa thelathini, Mpango utakuwa umejenga Mpanda maghorofa matatu ya kupandia ngazi tu, yasiyo na vyumba, kwa kuwa tumebaini vyumba vinawashawishi watu kupumzika.

("Sikiliza, Dafrosa," alisema muuguzi. "Mafuta ya mwili hayaagizwi yatokee wapi. Ukipungua unapungua mwili mzima, na kila mtu ana sehemu yake ya kuchelewa. Mwingine tumbo, wewe nyonga, mama yako alikuwa hivyo hivyo. Mapaja huwezi kuyaambia yatangulie. Ila unaweza kuyapa nguvu, na yakiwa na nguvu yanalibebea goti mzigo. Keti ukingoni. Miguu iwe na upana wa mabega. Visigino visinyanyuke. Egemea mbele kidogo, sasa simama bila kushika kitu."

"Siwezi."

"Basi kiti ni kifupi kwako. Nani ana kitenge cha heshima hapa?" Nyanzala alifungua cha juu akakikunja mara nne, akafungua mwingine, na mwingine. Kiti kikapanda. "Jaribu tena.")

Tutatoa pia mafunzo ya siku tano kwa waratibu wa ngazi zote, katika hoteli yenye lifti, ili waone tatizo kwa macho yao. Tutakuwa na rodimapu. Tutakuwa na fulana. Nasema na nyie, ndugu wananchi, mbona mmegeuka? Nawaona migongo. Ndugu mshereheshaji, waambie wananchi wageuke.

("Moja!" umati ulipaza sauti. Dafrosa alikuwa amesimama. Hakushika bega la mtu.)

("Sasa keti, polepole, kama kiti kina mayai," alisema muuguzi. "Usijitupe, huko kushuka ndiko kunakofanya kazi. Tano asubuhi, tano jioni, wiki mbili, kisha kumi. Goti likichoma unaongeza kitenge; likinyamaza unapunguza kimoja. Siku kitenge cha mwisho kinaondoka, mtumbwi unapanda mwenyewe. Na chai yako, unaweka vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Ambavyo nimeviona au ambavyo sijaviona?"

"Basi sita."

"Anza na vitatu. Maandazi ya kusubirishia wateja yaache mezani kwa jirani. Sahani yako ijae mchicha kwanza, ugali ufuate. Na usikae kwenye kigoda toka asubuhi hadi jioni. Kila baada ya wateja watano, zunguka soko."

"Wateja watano wakati mwingine ni siku nzima."

"Basi zunguka uwatafute.")

Naona wananchi wameanza kutekeleza Mpango kwa vitendo, jambo linalodhihirisha ubora wa hotuba. Ndugu mpiga picha, pale, pale! Mpige yule mama akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Hapana, usimwingize muuguzi. Mweke muuguzi nje, pembeni ya mama weka jiwe la msingi. Vizuri.

(Wajumbe wa meza kuu walikuwa wanainuka mmoja mmoja, viti vyao vilikuwa vinaondoka vikipita juu ya vichwa vya watu. Akina mama walikaa wawili wawili kwa zamu. Mzee Celestin aliweka kofia yake chini akasema naye ataona. "Mbili!")

Ndugu wananchi, kwa kuwa muda si rafiki, naomba nihitimishe. Mapaja!

("Tatu!")

Nyonga!

("Nne! Polepole, mayai!")

Umbo stahiki ni haki ya kila mwananchi! Mwili wa chini, maendeleo juu! Kata moja, jiwe moja, kwa zamu!

("Tano! Pumzika, Dafrosa. Umepauka."

"Bado. Nyie hesabuni tu.")

Sasa ni wakati wa shukrani, na hapa naomba utulivu kwa sababu shukrani ndizo hubeba ukweli wa shughuli. Namshukuru mwenye turubai, ambaye amenikumbusha mara mbili kwamba lina harusi saa kumi. Namshukuru fundi Denis kwa kipaji chake cha kuongeza. Namshukuru Mungu. Lakini kwa namna ya pekee nawashukuru nyie akina mama kwa kukubali kupigwa picha hizi nzuri mkiwa mnakaa na kusimama kwa nidhamu, kwa sababu picha hizi ndizo zitakuwa kiambatisho namba tatu katika andiko la kuomba tuanzishiwe Mpango huu. Wafadhili siku hizi wamekuwa wagumu. Hawakupi kitu mpaka waone kimeshafanyika. Andiko lenyewe tutaanza kuliandika Jumatatu, umeme ukiwepo. Tukikubaliwa mtajulishwa. Tusipokubaliwa, napenda ijulikane kwamba kwa kuwa Mpango haujawahi kuwepo, haujawahi pia kuwa na kasoro hata moja, na hiyo ni rekodi ambayo hakuna mradi mwingine mkoani hapa unaoweza kujivunia.

("Nane!")

Mkiwa na swali, muda wa maswali ulikuwepo. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nasema, nawashukuru kwa kunisikiliza. Mshereheshaji, hiki kipaza sauti kinafanya kazi?

("Kinafanya kazi, mheshimiwa," alisema Dafrosa kutoka katikati ya watu, akihema, uso umelowa, mikono yote miwili ikining'inia huru ubavuni. "Ndiyo shida yake. Kizime kidogo, baba, tunapoteza hesabu. Tisa hiyo." Akaketi, polepole, juu ya vitenge vya watu. Akaegemea mbele. Uwanja mzima ukanyamaza ili umsikie yeye mwenyewe akiitaja kumi.)